Pepo za Juu

Bi Adija alikuwa amelipakata lile bomba mapajani, amelifunika kwa upande wa khanga, na alipotuona tunaingia uani hakusimama. Alilisogeza tu karibu na tumbo, kama mtu mwenye mtoto wa homa anavyofanya mgeni akija na vumbi lake la barabarani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Alikuwa ananitazama mdomoni, siyo machoni. "Hebu sema tena."

"Niseme nini, mama?"

"Lolote. Sema tena."

Nikasema tumetoka Mbegani, poleni na kazi, na jua la leo si la kawaida. Maneno ya mtu anayejaza nafasi. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayeonja mchuzi na kukuta chumvi ipo sawa.

"Ni wewe," akasema. "Wewe ndiye ile sauti."

Watu wengi wa Bagamoyo wananijua kwa sauti kabla ya sura, na wakishaiona sura heshima hupungua. Nina bajaji yenye spika mbili juu ya paa. Natangaza mechi, minada ya vyombo, chanjo, mtoto aliyepotea, maziko. Kidato cha nne nilikimaliza, nikapata cheti ambacho mama amekihifadhi vizuri sana, maana hakuna mtu mwingine anayekitaka. Kazi yangu ni kusema, na kwa miaka yote ile niliamini neno likishatoka kwenye spika limekwisha, limekuwa la hewani. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba linatua mahali, kwamba kuna mtu shambani anaacha jembe, analiokota.

Aliyenipa kazi ile ni Dokta Jyotsna, binti wa mzee Rajesh aliyekuwa na duka la misumari na rangi karibu na soko. Mji mzima unamwita binti Rajesh, udaktari wake tunautaja akiwapo tu. Baba yake aliwauzia watu vitu vyote vizito vya Bagamoyo, saruji, nondo, mabati. Yeye akaenda kusomea kitu kisicho na uzito. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Akaniambia hewa ina uzito, akanitajia na kilo zake juu ya kichwa changu mwenyewe, nikajishika utosi.

Alikuwa amepiga kambi kwenye uwanja ulio jirani na chuo cha uvuvi cha Mbegani, yeye na Haisi moja kuukuu iliyotolewa viti ikawekewa mashine. Asubuhi ya kurusha, kabla upepo haujachachamaa, yeye na dereva wake wa pikapu walijaza puto jeupe. Lilikuwa likiyumba pale chini kama mtu mnene anayeamka, kisha wakaliachia, na hapo uzembe wote ulilitoka. Lilikwenda juu kupita ndege, kupita mawingu, likivimba kadiri lilivyopanda, hadi huko ambako hakuna jina la Kiswahili ninalolijua, likapasuka. Mzigo wake ukashuka kwa mwamvuli. Boksi la lile povu jeupe linalofungiwa televisheni, kidude cha kutuambia lilipo, na bomba.

Bomba ndilo lililokuwa roho ya kazi nzima. Jembamba kuliko kidole cha mtoto, la chuma cha pua, refu kiasi cha kuuzunguka msikiti wa mtaani kwetu, ila limeviringishwa likawa mzigo wa kubeba kwapani. Kulwa, dereva wa pikapu, alipoliona mara ya kwanza alishika kiuno.

"Dokta, mimi na wewe tusidanganyane. Hii ni ya kupikia gongo."

"Ya kupikia mbingu," Dokta akamjibu, akaendelea kukaza skurubu.

Alinieleza linavyofanya kazi kwa kalamu na karatasi, nikaelewa nusu. Upande mmoja limezibwa, upande mwingine liko wazi. Likipanda, hewa ya ndani inatoka yote, kwa sababu huko nje hakuna kitu cha kuizuia. Likishuka, hewa inaanza kuingia. Ya kwanza kuingia ni ya juu kabisa, nayo inasukumwa hadi mwisho wa bomba. Inafuata ya chini yake, na ya chini yake, mpaka ya mwisho kuingia ni pumzi ya hapa hapa tuliposimama. Likigusa ardhi, koki inajifunga.

"Kama msikitini," nikasema. "Anayewahi anakaa safu ya mbele."

"Ndiyo hivyo."

"Na hewa ya Bagamoyo, kama kawaida, imechelewa, inasali mlangoni kwenye viatu."

Alicheka, mtu asiyecheka hovyo yule. Kisha akaacha kucheka. "Tofauti ni kwamba hawa hawatulii, Mikdad. Ukiwaacha mpaka jioni, wa mbele wamesogea nyuma, wa nyuma wamekwenda mbele. Huna safu tena, una kundi. Lazima bomba lirudi kwenye mashine kabla ya alasiri. Likichelewa, nimerusha puto kujifurahisha."

Na mabomba yaliyotangulia yalikuwa yamepotea yote. Moja lilizama baharini. Jingine tulilikuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Mapinga, limekatwa vipande. Anga zima, safu kwa safu, limepimwa kwenye mzani pamoja na masufuria. Hili ndilo lililokuwa la mwisho. Gesi ya kujazia puto jingine haikuwapo, na kibali cha kurusha kilikuwa kinakwisha wiki ile. Dokta hakulalamika. Alianza tu kunywa chai bila kukaa.

Ndiyo maana nikaitwa. Tangazo lililoandikwa chuo kikuu lilisema "mwenendo wa tabaka za angahewa". Nililisoma mara moja sokoni, na mama mmoja mkaanga samaki akauliza angahewa ni ugonjwa gani na chanjo yake inatolewa wapi. Tukakaa chini, mimi na Dokta, kutafuta neno la watu. Tulilipata sote wawili kwa pamoja, kutoka kwenye jografia ya shule, pepo za kusi, pepo za kaskazi. Upepo mmoja, pepo nyingi. Kiswahili safi kisicho na doa.

"Ndugu wananchi, ukiona puto limeanguka na mzigo mweupe, usiufungue, usiukate. Ni chombo cha pepo za juu na pepo za chini. Piga simu, tutakuja kukichukua."

Nililitangaza barabara nzima, Mapinga hadi Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo hadi karibu na Msata, huko ambako upepo ungeweza kulipeleka. Kufikia jioni nilikuwa nimeshapewa cheo.

"Mikdad," waliniita vijana wa kijiweni, "siku hizi unapunga pepo, au unapunga upepo?"

Mwanamke mmoja wa heshima zake alinisimamisha kunong'ona kama hao wa juu ni wakali kuliko wa baharini, na kama tunakwenda majumbani. Nilimwambia nilisema "za", sikusema "wa". Za ni za upepo, wa ni wa majini. Akaniambia nisimfundishe Kiswahili, yeye ana ndugu Unguja. Nilifurahi sana wiki ile. Nilidhani neno lina milango miwili, na mimi nimesimama kwenye yote miwili nakata tiketi.

Siku tuliyolirusha hilo la mwisho, simu ilikuja jua likiwa linakaribia kichwani. Kidude cha kutuambia lilipo kilikuwa kimezima puto lilipopasuka, kwa hiyo tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha Haisi tukisubiri huruma ya watu. Sauti ya mzee, yenye kikohozi.

"Mzigo wenu upo huku Kiwangwa. Mzima. Mimi naitwa Bwanausi, mwenyekiti wa kitongoji. Njooni, lakini msije na haraka."

"Mzee, sisi tuna haraka kweli."

"Najua. Ndiyo maana nasema msije nayo."

Tulikwenda nayo. Kulwa aliipeleka pikapu barabara ya Msata kama aliyeiba. Mashamba ya mananasi yalikuwa yanatupita kulia na kushoto, na Dokta alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, anaangalia saa, haangalii mananasi. Mzee Bwanausi alitungoja njia panda. Hakutuambia tumfuate. Alitusimamisha kwanza kivulini, akatusalimu salamu zote mpaka za ng'ombe tusionao, ndipo akasema.

Mzigo umeangukia shambani kwa Bi Adija. Bi Adija alikuwa na binti, Wahida, aliyefariki mfungo wa mwaka jana. Pumu. Walimkimbiza Msata kwa gari la kukodi. "Gari linakimbia, upepo unatupiga usoni mpaka macho yanatoka machozi," mzee akasema, "na yeye yuko katikati yetu anautafuta, haupati." Akakohoa. "Sasa wewe, kijana, ulipita hapa na tangazo. Sisi wengine tulisikia pepo wa kichwani, tukacheka. Yeye alisikia nyingine."

Nilielewa kabla hajamaliza.

"Kila tukimsomea marehemu tunasema nini mwishoni? Mola amjaalie Pepo ya juu. Mwaka mzima mama yule anaitikia amina kwa maneno hayo. Halafu spika inapita barabarani inasema kuna chombo cha Pepo ya juu, kitashuka, msikikate. Na leo kikashuka. Cheupe, na mwamvuli mweupe, katikati ya mananasi yake. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Kulwa akavua kofia.

"Mimi nawashauri hivi," mzee akaendelea. "Mwambieni ndiyo. Mwambieni ni hewa ya Peponi, na ina amri irudi kabla ya alasiri. Atawapa kwa mikono miwili, na usiku atalala. Hajalala huyu."

"Siwezi kumwambia hivyo," Dokta akasema.

"Wewe huwezi, mwanangu. Naona. Huyu anaweza." Akaninyooshea kidole. "Huyu kazi yake kusema."

Ndivyo tulivyofika uani, na ndivyo nilivyojikuta nimesimama mbele ya mama anayenitazama midomo.

"Ulisema kuna chombo cha Pepo ya juu," Bi Adija akasema. Alikuwa mama wa makamo, mikono ya mkulima, ushungi mweupe. Hakuwa na dalili ya mtu aliyechanganyikiwa. Ningependa awe nayo, ingenirahisishia. "Mimi si mjinga. Najua Pepo haishuki na mwamvuli. Lakini ulisema, na ulisema mara nyingi, na sauti yako haikuwa ya mtu anayetania. Nataka unitazame uniambie. Ulisema, hukusema?"

Haki ya Mungu ulimi wangu ulikuwa tayari. Uongo wenyewe ulikuwa mzuri, umenyooka, una huruma ndani yake, na mwisho wake kila mtu anapata alichotaka: Dokta bomba, mama usingizi, mimi sifa. Nimewahi kuwaambia watu timu yao itashinda nikijua golikipa ana malaria. Nyuma yangu niliisikia pikapu. Kulwa hakuwa ameizima injini. Dokta hakuniangalia. Alikuwa anaangalia miguu yake, na hilo nilielewa maana yake. Kama ningesema ndiyo, asingenipinga. Asingenisamehe, lakini asingenipinga.

Nikafungua mdomo kusema ndiyo.

"Za, mama," nikasema.

"Za?"

"Nilisema pepo za juu. Za. Za upepo. Upepo mmoja, pepo nyingi."

Nimewahi kuwanyang'anya watu mambo mengi kwa mdomo huu, zamu kwenye foleni, viti, hata mchumba mmoja ambaye baadaye tulimrudisha. Sijawahi kumnyang'anya mtu kitu kikubwa namna ile kwa silabi moja. Alibaki ananitazama midomo kana kwamba kuna nyingine iliyobaki mle ndani.

"Kwa hiyo ni upepo," akasema.

"Ni upepo."

"Huu huu."

"Huu huu, ila wa juu."

Akalifunika bomba vizuri zaidi. Akachomeka pindo la khanga chini ya goti. "Basi upepo umejaa huko nje, baba. Nendeni mkachukue mwingine. Huu niachieni."

Hoja ilikuwa nzuri kuliko zangu zote. Ukweli nilikuwa nimeusema, na ukweli ulikuwa umefunga mlango ambao uongo ulikuwa unaufungua. Mzee Bwanausi alinitazama kama mtu aliyekupa ufunguo ukautupa kisimani.

Hapo ndipo Dokta Jyotsna alipovua viatu. Akaja akakaa kwenye mkeka, siyo mbele ya Bi Adija, pembeni yake, bega kwa bega, wote wawili wakawa wanaangalia upande mmoja, kule kwenye mananasi. Mimi niliijua saa iliyokuwa inakimbia ndani yake, na nikamwona anaiacha ikimbie.

"Pole na msiba, mama."

"Tumeshapoa."

"Unaweza kuniuliza chochote kuhusu hilo bomba. Nitakujibu ninavyojua."

Bi Adija alifikiri. "Huko lilikofika. Juu kabisa. Mtu anapumua?"

Mzee Bwanausi akakohoa kwa nguvu, kikohozi cha kuonya.

"Hapana, mama," Dokta akasema. "Hewa ya huko ni nyembamba mno. Na baridi kuliko barafu. Mtu hawezi."

"Hata mwenye kifua kizima?"

"Hata mwenye kifua kizima."

"Wote sawa."

"Wote sawa."

Bi Adija akashusha pumzi, na mabega yake yakashuka nayo. Sikuelewa siku ile kwa nini jibu baya namna ile lilimtuliza. Nadhani sasa naelewa kidogo: huko kifua cha Wahida kisingekuwa na tofauti na cha mtu yeyote. "Na mnaitakia nini hewa isiyompa mtu pumzi?"

Basi Dokta akamweleza. Alimweleza kwa zile safu za msikitini, akaziazima kwangu bila kuniomba. Na mama yule, ambaye hakupata kusikia neno angahewa isipokuwa labda kwangu, siku ile nilipolisoma sokoni, aliinamisha kichwa kama anayefuata mawaidha. Akafunua khanga. Akapitisha kidole juu ya bomba, mzunguko kwa mzunguko.

"Na hawa wa mbele kabisa. Hawa waliowahi. Mnataka kujua nini kwao?"

"Umri wao, mama."

"Hewa ina umri?"

"Ile ina umri. Hewa inapandia huku kwetu, huku kwenye joto, lakini ikishavuka mawingu inakwenda polepole kuliko konokono. Iliyomo mwisho wa bomba hili siyo ya leo. Iliondoka huku chini miaka miwili iliyopita, labda mitatu. Kila mwaka dunia inaongeza moshi wake, kwa hiyo nikipima moshi uliomo ndani, najua hewa hii iliagana na sisi lini."

Kidole cha Bi Adija kilikuwa kimefika mzunguko wa katikati. Kikasimama.

"Miaka miwili, mitatu," akasema.

Midomo yake ikaanza kutembea bila sauti. Nilijua anachohesabu. Alikuwa anarudi nyuma kwa miezi ya Kiislamu, anaushika mfungo huu uliopita, anauacha, anaushika ule wa mwaka jana, anasita, anaupita. Nadhani Dokta mwenyewe alikuwa hajapiga hesabu ile. Alikuwa anaijua hewa ile kwa nambari, na hakuwa amewahi kuiona imesimama upande mwingine wa kaburi. Nilimwona uso ukimbadilika pale pale mkekani, kabla mama hajasema.

"Kabla ya ule mfungo," Bi Adija akasema.

"Kabla yake, mama."

"Anakwenda shule. Anarudi ananiambia ana njaa."

"Sijui alikuwa anafanya nini. Ila hewa hiyo ilikuwa bado iko huku chini."

"Ilikuwa hapa?"

Na hapo pia angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa ni neno dogo tu. "Siwezi kusema ilikuwa hapa," Dokta akasema. "Imechanganyika, mama. Ni ya dunia nzima. Ya watu wote."

Bi Adija akaliangalia bomba. "Na yeye alikuwa mtu."

"Alikuwa mtu."

Kuku walikuwa wanaparura nyuma ya jiko. Mzee Bwanausi aligeuka akawa anatazama paa la nyumba, kama amegundua bati bovu. Mimi, niliyelipwa ili niseme, nilikuwa nimeshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili.

"Na mkichelewa?" Bi Adija akauliza.

"Itachanganyika na ya leo asubuhi. Haitapotea. Itakuwemo. Ila hatutajua tena ipi ni ipi."

Akainuka. Aliinuka na bomba lake, kwa mwendo wa mtu aliyezoea kuinuka na mtoto, goti moja kwanza. Akajifunga khanga kiunoni, akatutazama sisi sote kwa zamu, Dokta, mimi, mwenyekiti wake.

"Sasa mmekaa mnanitazama nini? Gari si linanguruma hapo?"

Hatukumwalika. Alipanda mbele mwenyewe, akalipakata bomba, akamwambia Kulwa, "Endesha kama umebeba mayai, ila yafike yakiwa ya moto." Mimi na Dokta tukakaa nyuma kwenye bodi ya pikapu, upepo unatuchapa. Njiani askari mmoja wa barabarani alitusimamisha, akainama dirishani, akaziona zile koili za chuma mapajani mwa mama mwenye ushungi. Nikamwona akitabasamu kwa huzuni, ya mtu aliyekata tamaa na umma.

"Mama. Na wewe unapika?"

"Hewa, mwanangu," Bi Adija akamwambia. "Ya zamani. Inaharibika, tupishe."

Sijui alisikia nini katika sauti ile. Alitupisha.

Dokta alikuwa amekaa amejikunyata karibu na tairi la akiba, nywele zote usoni. Nikamwambia kwa sauti ya juu, ili nishinde upepo, kwamba nilikuwa karibu sana kusema ndiyo kule. Akasema alijua. Akasema na yeye alikuwa anaomba niseme. Kisha ikaja minazi ya Mbegani.

Adhana ya alasiri ilikuwa haijatoka. Ndani ya Haisi mlikuwa na baridi ya kiyoyozi na mngurumo wa mashine, pazia zimefungwa, kila tundu limezibwa kwa gundi ya karatasi, maana mashine ile ilikuwa na tabia za bibi harusi, haitaki joto, haitaki vumbi. Tulibanana watatu. Dokta aliunganisha ncha ya bomba, ile ya ndani kabisa, akiikaza nati ya mwisho mara mbili, ingawa amezifunga nati kama zile maisha yake yote.

"Tunaanza na waliokaa mbele," akamwambia Bi Adija.

Kwenye kioo cha mashine ukatokea mstari. Ulianzia chini, umelala, umetulia, ukatambaa hivyo hivyo kwa muda. Dokta alikuwa ameacha kupumua. Nilimsikia alipoanza tena. Halafu mstari ukaanza kupanda, taratibu, kama ngazi ya mtu mwenye magoti mabovu, kutoka miaka ile kuja kwetu.

"Safu zimesimama," akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuzitawanya. Akaandika kitu pembeni, akagawanya, akarudia kugawanya. Ndipo akaweka kidole kwenye kioo, pale mwanzo, mstari ulipokuwa umelala. "Hii hapa, mama. Miaka miwili na nusu hivi."

Bi Adija aliinama akautazama. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma jina la kituo huku basi likipita, anahakikisha tu.

Wapo walioniuliza baadaye kama mama yule alipona. Sijui mtu anaponaje na jambo kama lile, na sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba Dokta alisoma matokeo yale kwenye mikutano ya wataalamu, mbali, mbele ya watu wenye suti, na aliniambia kila akifika pale mstari ulipolala hupoteza sentensi yake, anaitafuta, wanadhani ni Kiingereza kinamsumbua.

Ila siku ile, Haisini, hakukuwa na wataalamu. Palikuwa na mngurumo, na sisi, na Bi Adija aliyekuwa ameanza kuangalia huku na huku nyuma ya mashine.

"Ikishapimwa inakwenda wapi?"

Dokta akamwonyesha. Kulikuwa na mpira mwembamba unaotoka kwenye pampu, umelala sakafuni karibu na miguu yetu, ncha yake haikuunganishwa na kitu. "Inatokea hapa. Kidogo kidogo."

Bi Adija akachutama, akaweka kiganja mbele ya ule mpira. Akasubiri. "Siisikii."

"Ni kidogo mno, mama. Huwezi kuisikia."

"Lakini inatoka."

"Inatoka."

Akabaki hapo, amechutama, kiganja wazi. Kisha akainua macho akaziangalia zile pazia, zile gundi, lile dirisha lililozibwa, na sisi wenyewe tulivyobanana.

"Na humu mmefunga kila mahali," akasema. "Fungueni mlango."

Nikamtazama Dokta. Mstari ulikuwa haujamaliza. Ulikuwa umebakiza safu za chini, za asubuhi ile, za mawingu na mananasi, na joto la nje lingeutikisa. Alifikiri kwa muda wa pumzi moja, akanipa ishara kwa kichwa.

Mlango wa Haisi ile unakwama katikati. Nikauinua kidogo kwa bega, ukapita. Joto likaingia, na harufu ya dagaa, na sauti za wanachuo wanabishana juu ya nyavu. Bi Adija akatoka akakaa kwenye ngazi ya gari, akakunja khanga yake magotini, akajisogeza upande mmoja, asiizibie hewa njia.